Motokaa Inayochemka Ikisimama

Zamani za misafara, wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walikuwa na mahali walipopaogopa sana, napo ni Mgunda Mkali, lile pori kavu lililo kati ya Ugogo na Unyamwezi. Hawakuingia humo kabla ya kujaza vibuyu vyao, maana maji yakiwaishia katikati, nguvu za mabega hazikufaa kitu. Baadaye mizigo ya njia ile ilichukuliwa na gari moshi, lililofika Tabora mwaka 1912, kisha na motokaa. Lakini motokaa nayo ni mpagazi: yataka maji, na maji yale yataka kupozwa.

Mwaka mmoja, mwisho wa kiangazi, tulikuwa katika motokaa iliyotoka upande wa Sikonge ikimleta Tabora mama mmoja mgonjwa. Njiani mshale wa kipimo cha joto ulikaa katikati, haukutikisika. Tulipoingia mjini tukakuta malori ya tumbaku yamefunga njia, tukasimama. Haukupita muda mrefu mshale ukapanda hata alama nyekundu, na mvuke ukatoka chini ya boneti. Dereva, kwa haraka ya kumfikisha mgonjwa, akafungua kifuniko cha rejeta. Maji yakaruka, yakamwunguza mkono na kifua. Kijana mmoja akaja na ndoo ya maji ya kisima, akayamimina yote mara moja katika injini iliyokuwa ya moto. Tukasikia mlio mkali. Basi, safari iliyoanza na mgonjwa mmoja ikaisha na wagonjwa wawili, ikatulazimu kutafuta gari jingine. Fundi alipoipima injini akaona kichwa chake kimepasuka. Na chanzo cha yote kilikuwa fyuzi ya feni iliyoungua, kitu kidogo kama ukucha.

Yafaa tujue sababu yake. Pampu huzungusha maji ndani ya injini. Maji huchukua joto, huenda katika rejeta, na huko upepo huyapoza. Upepo ule hutoka mahali pawili. Gari likienda mbio, mwendo wenyewe huuleta. Gari likisimama au likienda polepole, hapana upepo ila wa feni. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi mwenye akili ni hili: joto hupanda lini? Likipanda gari lisimamapo na kushuka liendapo, shuku feni kwanza. Likipanda hata katika mwendo wa kasi, shuku upungufu wa maji, au rejeta iliyoziba, au pampu, au thamostati, yaani ule mlango mdogo unaofunguka maji yapatapo joto.

Na kwa nini maji yaliruka? Usawa wa bahari maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100. Tabora, iliyo juu ya bahari kwa meta 1,200 hivi, huchemka kwa digrii 96 hivi. Lakini kifuniko cha rejeta huyabana maji, yakaweza kupita digrii 100 pasipo kuchemka. Ukikifungua, mbano huondoka, na maji hugeuka mvuke mara ile ile.

Basi, mshale ukipanda nawe umo katika foleni, fanya hivi. Zima kipoza hewa. Fungua hewa ya moto ya ndani ya gari kwa nguvu zote, ingawa utatoka jasho, maana huchukua joto la injini. Mshale usiposhuka, toka njiani, zima injini, ungoje nusu saa au zaidi. Usifungue kifuniko mpaka rejeta imepoa hata waweza kuishika kwa mkono. Ndipo ufunike kifuniko kwa kitambaa kinene, ukifungue polepole. Maji yatiwe kidogo kidogo.

Kisha tafuta chanzo kwa utaratibu. Kwanza, injini ikiwa baridi, tazama kiasi cha maji, na alama za kuvuja katika mipira na chini ya pampu. Pili, pima feni. Kama ni ya umeme, washa injini na kipoza hewa. Katika magari mengi feni hapo huzunguka. Isipozunguka, tazama fyuzi yake, swichi yake na nyaya. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya nguvu ile ile. Ikiungua tena, feni imekwama au waya umechubuka. Wala usiweke kipande cha waya badala ya fyuzi, kwani gari laweza kushika moto. Kama feni yazungushwa kwa mkanda, tazama kama umelegea au umepasuka. Tatu, tazama uso wa rejeta: katika barabara zetu za mchanga na majani, mbegu za nyasi na vumbi huuziba. Usafishe kwa maji ya taratibu, usipinde mapezi yake. Nne, injini ikiwa imepata moto, kama mpira wa juu ni wa moto sana na wa chini ni baridi, huenda thamostati haifunguki au rejeta imeziba ndani.

Lakini ukiona maji yapungua pasipo kuvuja nje, au moshi mweupe usiokwisha, au oili imekuwa kama maziwa, usiendeshe tena. Mpelekee fundi, maana gasketi ya kichwa cha injini huenda imeungua.

Wazee wetu walisema: Mdharau mwiba, mguu huota tende. Wapagazi walitazama vibuyu vyao kabla ya Mgunda Mkali, si katikati yake. Kila mwenye gari, na hasa yule anayechukua wagonjwa, atazame maji na feni yake asubuhi, kabla hajawasha injini kwa safari. Kazi hiyo haizidi dakika tano.