SOMO JUU YA CHAKULA CHA IMBWA NA PAKA

Katika miji yetu ya kandokando ya machimbo, nyumba nyingi zina imbwa ao paka. Imbwa analinda nyumba usiku, anafukuza nyani na nguruwe wa pori katika mashamba, tena anafuatana na mwindaji. Paka analinda ghala la mahindi. Hawa ni wafanyakazi wawili, na mfanyakazi asiyekula hafanyi kazi. Lakini watu wengi wanasema: «Imbwa atajitafutia mwenyewe. Paka ana panya wake.» Somo hili litaonyesha kwamba maneno hayo yanaleta hasara nyumbani, na kwamba wanyama hawa wawili hawali chakula cha namna moja.

1. Imbwa na paka hawafanani

Mungu alimpa kila mnyama tumbo lake na meno yake. Imbwa anapenda nyama, lakini tumbo lake linaweza kusaga bukari, viazi, kunde na mihogo iliyopikwa. Ndiyo sababu ameweza kukaa na watu tangu zamani, akila mabaki yao. Paka ni mwengine. Yeye ni mla nyama kabisa. Mkimpa bukari peke yake, tumbo litajaa, lakini mwili wake utaharibika polepole.

Sababu ni hii. Ndani ya nyama na samaki mna kitu kinachoitwa taurini. Mwili wa imbwa kwa kawaida unajitengenezea kitu hicho, lakini mwili wa paka unatengeneza kidogo sana. Mwaka 1975 wenyi elimu wa Marekani walionyesha kwamba paka asiyepata taurini macho yake yanaharibika. Mwaka 1987 wengine walionyesha kwamba hata moyo wake unalegea na kupanuka. Katika unga na majani ya mihogo hamna taurini ya kumsaidia. Tena mafuta mekundu ya ngazi yanampa imbwa vitamini A ya macho na ngozi. Paka hawezi kuitoa katika mafuta yale. Inafaa aipate katika nyama, samaki na maini kidogo.

2. Bukari peke yake haitoshi

Wazee wanajua jambo hili kwa watu. Zamani Union Minière, kampani iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi posho. Haikuwa unga tu. Iliongeza nyama ao samaki, na mafuta, kwa sababu mtu anayekula unga peke yake hawezi kazi nzito. Imbwa ni vivyo hivyo. Unga unampa moto wa mwili. Nyama, samaki na kunde vinajenga mwili.

Imbwa asiyekula vizuri anajulikana upesi. Manyoya yake yamekauka, mifupa ya nyonga inaonekana toka mbali, anakula mavi na kuiba vyunguni. Usiku halindi nyumba, anazunguka penye takataka. Huko anakutana na imbwa wengine, na pengine mmoja ana wazimu wa imbwa. Mnajua kwamba mtu aliyeumwa, ugonjwa ule ukisha kuanza ndani yake, haponi. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha aende kwa mganga siku ileile. Na imbwa wote wapigwe sindano ya kuwakinga, maana chakula peke yake hakizuii ugonjwa huu.

3. Kipimo cha imbwa mkubwa

Kwa imbwa wa kilo 10, chakula cha siku moja ni hiki: unga wa mahindi kikombe kimoja (gramu 120), ndakala wakavu makonzi mawili (gramu 50), na kijiko kimoja cha mafuta ya ngazi. Pika bukari laini, changanya na ndakala waliochemshwa, usitie chumvi wala kitunguu. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Anayekwenda kuwinda aongezewe.

Pitisha mkono ubavuni mwake. Ukigusa mbavu bila kukaza mkono, na kiuno kinaonekana, ni vizuri. Ukiona mbavu zote toka mbali, amekonda. Usipozisikia kabisa, amenenepa kupita kiasi.

Mtu atauliza: «Watoto wangu wenyewe hawapati samaki ya kutosha. Nitampaje imbwa?» Ulizo hili ni la haki. Watoto kwanza, siku zote. Lakini kuna vitu vingi ambavyo watu hawavili: vichwa vya samaki, matumbo, damu, vichwa na miguu ya kuku. Chemsha sana, kisha twanga vichwa na miguu katika kinu mpaka mifupa isagike. Kunde zilizolowekwa na kuiva vizuri zinasaidia pia. Na jambo la mwisho: usifuge wengi. Imbwa mmoja aliyeshiba anafaa kuliko wanne wenyi njaa.

4. Mama na watoto

Imbwa jike anabeba mimba siku 63 hivi, na paka karibu vilevile. Paka mwenyi mimba aongezewe chakula tangu mwanzo. Imbwa aongezewe katika majuma matatu ya mwisho. Akinyonyesha watoto wengi, chakula chake kinaweza kufika mara mbili ao tatu ya kile cha kawaida. Usipomwongezea, maziwa yatakauka na watoto watakufa.

Watoto wakifika majuma matatu ao manne, waonjeshe uji wenye samaki aliyetwangwa. Kwa watoto wa paka, samaki awe mwingi na unga uwe kidogo sana. Usiwatenge na mama kabla ya majuma manane. Baada ya hapo wape chakula mara nne kwa siku mpaka miezi mitatu, mara tatu mpaka miezi sita, kisha mara mbili.

5. Paka na panya wa ghala

Wengi wanamnyima paka chakula ili awinde. Ni kosa. Paka anawinda hata akiwa ameshiba, maana kuwinda ni tabia yake. Panya mdogo wa nyumbani ana gramu 20 tu. Paka wa kilo 3 angehitaji sita ao zaidi kila siku ili kushiba. Asipowapata, anakwenda kuiba vifaranga vya jirani, ao anahama.

Mwaka 1953 Charles Elton wa Uingereza aliandika juu ya paka wa mashamba. Paka waliopewa maziwa walikaa karibu na majumba, na panya waliokwisha kuondolewa hawakurudi. Lakini pale panya walipokwisha kujaa, paka peke yao hawakuweza kuwamaliza. Basi fanya hivi: safisha ghala, ziba matundu, tega mitego, kisha mweke paka na umlishe papo hapo.

Paka wa kilo 3 asiyewinda anahitaji gramu 150 za nyama ao samaki wabichi kwa siku, ao gramu 50 za ndakala wakavu waliolowekwa. Samaki wachemshwe, na mchuzi usimwagwe, maana taurini inatoka katika nyama na kuingia majini. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha paka wengi wakubwa, maji yanawatosha.

6. Vitu vinavyoua

— Mahindi yenye kuvu. Watu wanasema: «Yasiyofaa mtu, tumpe imbwa.» Kuvu ile inaweza kuwa na sumu inayoharibu ini. Imbwa anatapika, macho yanakuwa manjano, anakufa.
— Mihogo michungu isiyolowekwa.
— Vitunguu, vibichi ao vilivyopikwa. Vinaharibu damu ya imbwa, na ya paka zaidi.
— Masapo ya lutuku na kila kitu chenye pombe.
— Mifupa ya kuku iliyopikwa isiyosagwa. Inapasuka kama sindano na kutoboa matumbo.
— Mapafu na maini mabichi yenye mapovu ya maji. Yanamtia imbwa minyoo, na mayai ya minyoo ile yanawadhuru watoto wanaocheza naye. Yachome moto.
— Panya aliyekufa kwa sumu. Penye paka, tumia mtego, usitie sumu.

7. Maji

Weka maji safi katika chombo kizito kila siku. Paka anayekula ndakala wakavu anahitaji maji zaidi. Usiwaache wanyama wanywe maji yanayotoka machimboni ao panapooshwa mawe ya madini. Ukiona samaki wamekufa ao majani yamekauka kando ya kijito, ni alama kwamba maji yale hayafai mnyama wala mtu.

MAULIZO

1. Kwa sababu gani paka hawezi kuishi kwa bukari peke yake?
2. Imbwa wa kilo 10 anahitaji chakula gani kwa siku?
3. Ni vitu gani nyumbani mwako ambavyo watu hawavili, lakini vinaweza kumlisha imbwa?
4. Kwa nini si vema kumnyima paka chakula ili awinde?
5. Mahindi yako yameingia kuvu. Utafanya nini nayo, na hutayapa nani?
6. Jirani yako ana imbwa wanne wenyi njaa. Utampa shauri gani?