Pale Kinga ya Mwili Inapolishambulia Jicho

Mwaka 1812, katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, mtoto wa miaka mitatu alikuwa akichezea zana za baba yake, fundi wa matandiko ya farasi. Msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, ukamchoma jicho moja, nalo likaharibika. Baadaye jicho la pili, ambalo halikuguswa na chuma chochote, nalo likaugua, na alipofikia umri wa miaka mitano mtoto alikuwa kipofu kabisa. Huyo ndiye Louis Braille, aliyekuja kubuni maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole.

Zamani ilidhaniwa kuwa uambukizo ulihama kutoka jicho moja hadi jingine. Maelezo yanayokubaliwa na wengi leo ni tofauti: mtoto aliugua ofthalmia simpathetiki, yaani hali ambayo jeraha la jicho moja huiamsha kinga ya mwili, kisha kinga hiyo huyashambulia macho yote mawili. Ugonjwa huu ni nadra, lakini hakuna ugonjwa unaoonyesha wazi zaidi jinsi jicho na kinga ya mwili vinavyoishi kwa mapatano, na kinachotokea mapatano hayo yanapovunjika.

Kinga ya mwili haifanyi kazi yake kwa upole. Mtu akichomwa na mwiba mguuni, mishipa midogo ya damu hutanuka, maji huvuja, na chembe nyeupe za damu humiminika mahali hapo zikimwaga kemikali za kuua vijidudu. Kemikali hizo huua pia baadhi ya seli za mwili wenyewe. Mguu hustahimili hasara hiyo: huvimba, hupona na kubaki na kovu dogo. Jicho haliwezi. Konea, kioo cha mbele cha jicho, ikipata kovu hupoteza uangavu wake. Seli za neva za retina zikifa hazioti tena, na kovu lisilozidi ukubwa wa punje ya mtama, likikaa katikati ya retina, linatosha kumnyima mtu uwezo wa kusoma na kutambua nyuso.

Kwa sababu hiyo jicho lina taratibu zake za kuituliza kinga, hali ambayo wataalamu huiita upendeleo wa kinga. Peter Medawar, mwanabiolojia wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1960, alionyesha katika miaka ya 1940 kuwa kipande cha ngozi ya sungura mmoja kikipandikizwa ndani ya chumba cha mbele cha jicho la sungura mwingine kingeweza kuishi, ilhali kipande kama hicho kikipandikizwa kifuani hukataliwa. Madaktari wa upasuaji walikuwa wamekwisha kunufaika na siri hiyo bila kuijua: Eduard Zirm alifaulu kupandikiza konea ya mtu mmoja kwa mwingine mwaka 1905, miongo mingi kabla ya figo.

Kwa muda mrefu ilifikiriwa kwamba jicho limejificha tu. Kweli lipo pazia: kuta za mishipa ya damu ya retina zimebanana kiasi kwamba seli nyingi na protini kubwa hazipenyi. Lakini pazia ni sehemu tu ya maelezo. Maji yaliyomo ndani ya jicho yana vitu vinavyozipoza chembe za kinga, kimojawapo kikiwa protini iitwayo TGF-beta. Seli za irisi na za konea hubeba juu yake protini inayoiamuru limfosaiti iliyoingia bila ruhusa ijiue yenyewe. La kushangaza zaidi ni kwamba kitu kigeni kikiingia chumba cha mbele cha jicho, habari zake husafirishwa kwa damu hadi kwenye wengu, na huko huzaliwa limfosaiti ambazo kazi yake ni kuzuia mashambulizi. Jicho, kwa maneno mengine, huifundisha kinga uvumilivu.

Mafundisho hayo yana kasoro moja. Limfosaiti za aina ya T hukomaa katika tezi ya thaimasi, kifuani, ambako huonyeshwa protini za mwili na zile zinazozichukia huangamizwa. Protini za retina huonyeshwa huko kwa kiasi kidogo, na baadhi ya limfosaiti zenye uwezo wa kuitambua retina huponyoka. Watu wenye afya njema wanazo katika damu yao. Hazina madhara kwa sababu hazijaamshwa, na pazia la jicho huzizuia zisikutane na kile ambacho zingeweza kukishambulia.

Kinachoziamsha hutokea mara nyingi nje ya jicho. Jeraha linalopasua ukuta wa jicho huweza kumwaga protini zake mahali ambapo kinga huziona kwa mara ya kwanza, tena katikati ya vurugu za kidonda. Katika magonjwa mengine hudhaniwa kuwa kijidudu chenye protini inayofanana na ya jicho ndicho kinachozichokoza. Limfosaiti iliyokwisha kuamshwa hupenya pazia ambalo ile iliyolala haipenyi. Ikifika ndani na kukutana na shabaha yake, hutoa kemikali za kuita wenzake, zikiwamo interferoni-gama, interleukini-17 na TNF. Kuta za mishipa hulegea, na seli chache zilizotangulia hufuatwa na kundi kubwa. Hapo ndipo ugonjwa huitwa uveitisi: uvimbe wa uvea, tabaka la kati la jicho lenye mishipa mingi ya damu, ambalo sehemu yake ya mbele ni irisi.

Uveitisi ya mbele huleta jicho jekundu, maumivu na kuchukia mwanga. Daktari akitazama kwa darubini yenye mwale mwembamba wa mwanga huona chembe nyeupe zikielea katika maji ya jicho kama vumbi katika mwali wa jua upitao dirishani. Uveitisi ya nyuma huweza kuja bila maumivu wala wekundu. Mgonjwa huona vidoa vinavyoelea au ukungu, na wengi huchelewa kutafuta tiba kwa sababu jicho haliumi.

Swali gumu kwa mganga wa Afrika Mashariki ni kama kinga inashambulia kwa makosa au inapigana na adui wa kweli. Kifua kikuu, kaswende, toksoplasma na virusi vya mkanda wa jeshi vyote huleta uveitisi. Matone ya steroidi yatalituliza jicho katika hali zote mbili, na hapo ndipo penye hatari: wekundu hupungua, mgonjwa hushukuru, huku kijidudu kikiendelea kuila retina bila kizuizi. Mtu anayenunua matone hayo dukani bila kupimwa hujiongezea pia uwezekano wa mtoto wa jicho na wa presha ya jicho. Huu si mjadala wa vitabuni tu. Matone hayo ni rahisi kupatikana, na chupa moja hupita mikononi mwa watu wengi.

Tena kuna hali ambazo adui yupo, lakini madhara huletwa zaidi na majibu ya kinga. Usubi, ugonjwa unaofahamika vyema katika milima ya Mahenge, ni mfano. Viluwiluwi vya mnyoo huweza kukaa ndani ya konea vikiwa hai bila kuleta uvimbe mkubwa. Vinapokufa huachia bakteria waitwao Wolbachia wanaoishi ndani yake, na kinga hukimbilia bakteria hao na kuiachia konea ukungu. Ndiyo maana dawa ya zamani iliyoua viluwiluwi kwa kishindo ilikuwa ya hatari kwa macho, na ivermectin ikapokewa vizuri. Hali inayofanana na hiyo huonekana kwa baadhi ya watu wenye VVU ambao retina yao iliwahi kushambuliwa na saitomegalovirusi: wanapoanza dawa za kufubaza VVU na kinga yao kurudi, jicho lililokuwa limetulia huvimba. Si dalili kwamba dawa zimeshindwa, na kuziacha ni kosa kubwa kuliko uvimbe wenyewe.

Uambukizo ukishaondolewa katika hesabu au kupewa dawa yake, steroidi hubaki kuwa nguzo ya tiba, pamoja na matone ya kutanua mboni ili irisi isinate kwenye lenzi. Wanaohitaji tiba ya muda mrefu hupewa methotrexate au dawa nyingine za kupunguza nguvu za kinga. Adalimumab, inayoizuia TNF, iliidhinishwa kwa uveitisi isiyo ya uambukizo huko Marekani na Ulaya mwaka 2016. Bei yake bado ni kikwazo. Kabla ya kuitoa ni lazima kifua kikuu kitafutwe, hata kilicholala, kwa kuwa TNF hiyo hiyo inayoliumiza jicho ndiyo inayosaidia kuwafungia bakteria wa kifua kikuu ndani ya mapafu.

Aliyetobolewa jicho, hata likishonwa na kupona, anapaswa kurudi kliniki mara moja akiona jicho lake zima limekuwa jekundu, linaogopa mwanga au limefifia. Ofthalmia simpathetiki mara nyingi hujitokeza ndani ya mwaka wa kwanza, lakini imewahi kuonekana baada ya miaka mingi, na tiba ya mapema huokoa uwezo wa kuona. Kundi jingine la kuangaliwa ni watoto wenye ugonjwa sugu wa viungo. Uveitisi yao hunyemelea katika jicho jeupe lisilouma, mtoto mdogo hajui kueleza kwamba haoni vizuri, na mzazi haoni lolote la kumshtua. Kwa hiyo hupimwa macho kwa darubini kila baada ya miezi michache, hata kama hawana malalamiko yoyote.