Ngoma Hutunzwa kwa Kuchezwa

Soma kwanza kimya kimya. Kisha someni darasani kwa sauti, kila mtu aya moja.

1. Ngoma ni nini?

Neno ngoma lina maana zaidi ya moja. Ngoma ni chombo cha kupiga, kilichowambwa ngozi. Ngoma ni mchezo wa kuimba na kucheza. Tena ngoma ni mkusanyiko wenyewe wa watu. Tukisema, "Leo kuna ngoma kwa jirani," tunataja vyote vitatu kwa mara moja: chombo, mchezo na watu.

Chombo kikipasuka, huwambwa ngozi nyingine. Lakini wajuzi wakiisha, ni vigumu kupata wengine. Kwa hiyo katika somo hili tutauliza swali moja: Ngoma ya kijiji hutunzwa na nani, na kwa njia gani?

2. Ngoma za kwetu

Mlali iko katika Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma. Katika wilaya hii wanaishi Wagogo, Wakaguru na watu wa makabila mengine. Mvua zetu ni chache. Hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi hiyo ni ya jembe. Mtama na mahindi vikishaingia ghalani, watu hupata nafasi. Ndipo ngoma hupamba moto. Tangu zamani ngoma imefuata kalenda ya mkulima.

Wagogo wanajulikana mbali kwa kuimba sauti nyingi kwa pamoja. Mmoja huanzisha, wengine huitikia. Wapo wanaopanda juu, na wapo wanaoshika sauti ya chini. Wachezaji hufunga njuga miguuni, hivyo miguu nayo hupiga muziki. Zeze hutengenezwa kwa kibuyu, mti na nyuzi, na hupigwa kwa upinde mdogo. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Nindo, msunyunho na muheme ni baadhi ya ngoma zao.

Muheme ni ngoma ya wanawake. Kwa mila, wapigaji ni wanawake wenyewe. Mpigaji hubana ngoma kati ya miguu yake na kuipiga kwa viganja. Binti hujifunza kwa kusimama karibu na mama zake. Hutazama mikono yao, husikiliza, kisha hujaribu. Akikosea, husahihishwa papo hapo.

3. Ngoma ilidharauliwa, kisha ikainuliwa

Wakati wa ukoloni watu wengi walifundishwa kuona haya kwa ngoma zao. Mahali pengi wamisionari waliwakataza waumini wao kucheza ngoma. Waliosoma shule walijifunza dansi za Kizungu, na baadhi yao hawakujua ngoma hata moja ya kwao.

Mwalimu Julius Nyerere alilisema jambo hili Bungeni mwezi wa Desemba mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri. Alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na vijana, ili taifa lirudishe heshima ya mila zake nzuri. Katika miaka ya 1960 kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Wajuzi waliitwa kutoka mikoani. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Tangu mwaka 2007 chuo hicho kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa.

Miongoni mwa walioitwa Dar es Salaam alikuwapo Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Alikuwa fundi wa zeze na ilimba, tena mwimbaji hodari. Baadaye alifundisha Bagamoyo. Alipiga muziki wa Kigogo katika nchi nyingi, na wageni wasiojua neno moja la Kigogo walimsikiliza kwa furaha. Alifariki mwezi wa Desemba mwaka 2003.

Je, muziki wake ulizikwa pamoja naye? Hapana, maana alikuwa amewafundisha jamaa zake. Zamani katika jamaa ile wanaume ndio waliotangulia, na wanawake waliitikia nyuma. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa santuri iitwayo "Maisha". Sasa wanawake hao ndio wanaotangulia kuimba. Hivyo ngoma imebadilika kidogo, na bado ni hai.

4. Wenzetu wanafanyaje?

Tatizo la kupotea kwa ngoma si la Dodoma peke yake. Tutazame nchi mbili, moja jirani na moja ya mbali.

Magharibi mwa Kenya wanaishi Waisukha na Waidakho. Ngoma yao huitwa isukuti. Hupigwa ngoma tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ya mnyama hupulizwa. Huchezwa mtoto anapozaliwa, kwenye arusi na hata kwenye msiba. Mwaka 2014 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, liliiweka isukuti katika orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa haraka. Sababu ni nini? Wajuzi wengi wamezeeka, na warithi ni wachache. Vijana wengi wanapenda zaidi burudani za kisasa.

Sasa tuende Ulaya, katika nchi ya Hungaria. Huko pia ngoma za vijijini zilianza kusahauliwa. Mwaka 1972 vijana wa mji mkuu, Budapest, walianza kukutana jioni ili kuzicheza. Walifunga safari kwenda vijijini. Waliwatafuta wazee waliozijua, wakacheza nao na kunasa sauti zao. Waliporudi mjini walifungua kile walichokiita "nyumba ya ngoma". Yeyote aliruhusiwa kuingia. Wanamuziki walipiga vyombo, mwalimu alionyesha hatua, na aliyekuja aliingia uwanjani kujifunza. Jambo hili likaenea. Leo hata watu wa nchi nyingine hujifunza ngoma za Hungaria kwa njia hiyo. Mwaka 2011 UNESCO iliitaja kuwa mfano mwema wa kutunza mila.

Tunajifunza nini? Ngoma ikiwa na watazamaji wengi na wachezaji wachache, iko hatarini. Ikiwa na wachezaji wengi, wa kila umri, iko salama.

Nasi tunao mfano wa karibu. Mwaka 2009 lilianzishwa tamasha la muziki wa Kigogo huko Chamwino, mkoani kwetu. Vikundi vya vijiji mbalimbali vilikutana, vikatazamana na kujifunza kimoja kwa kingine.

5. Tutenganishe ngoma na kisu

Hapa kuna jambo zito. Zamani ngoma ya muheme ilipigwa hasa wakati wa kuwatia wasichana unyagoni. Katika sherehe hizo wasichana walikeketwa. Ukeketaji huleta maumivu makali na kutoka damu nyingi. Huleta shida wakati wa kujifungua, na huweza kuua. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Dodoma wanawake 47 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa.

Watu wengine husema, "Tukiacha kukeketa, muheme itakufa." Wengine husema, "Ili kuacha kukeketa, tuache na muheme." Wote wawili hawakusema kweli. Ngoma na kisu ni vitu viwili. Siku hizi muheme hupigwa kwenye sherehe za kijiji, kwenye matamasha na hata makanisani, wala hakuna msichana anayeumizwa. Mafundisho mema ya unyago, kama usafi, heshima na bidii ya kazi, yanaweza kufundishwa bila kisu. Kutunza mila ni pamoja na kuchagua. Mkulima mwema huchagua mbegu: njema huiweka, na iliyooza huitupa.

6. Kikundi cha ngoma cha kijiji

Kikundi kizuri hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji utaratibu. Haya ndiyo mambo makubwa:

(a) Chagueni kiongozi, katibu na mtunza fedha. Wekeni siku maalumu ya mazoezi, hata isiyo na sherehe.

(b) Kila mjuzi apewe vijana wawili au watatu wa kuwafundisha. Asife na ujuzi wake.

(c) Watoto wasifukuzwe uwanjani. Mtoto anayeiga pembeni ndiye mpigaji wa kesho.

(d) Wageni wakija kutazama, ngoma huweza kufupishwa. Lakini wenyewe kwa wenyewe mcheze nzima, mwanzo hadi mwisho. Mkicheza vipande tu, watoto watajua vipande tu.

(e) Mtu akitaka kuwapiga picha au kunasa nyimbo zenu, muulizeni kwanza atazitumia kwa kazi gani. Mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi. Malipo yagawanywe mbele ya wote.

(f) Andikeni. Zamani kila kitu kilikaa kichwani mwa wazee. Mzee alipofariki, nyimbo zake nyingi zilikwenda naye. Sasa wewe unajua kusoma na kuandika. Daftari moja laweza kuhifadhi majina ya nyimbo, maneno yake na majina ya waliozitunga. Lakini daftari halichezi. Litasaidia tu ikiwa wapo watu wanaokutana na kucheza.

MANENO YA KUJIFUNZA

kuwamba: kuvuta ngozi na kuifunga juu ya ngoma
mjuzi: mtu anayejua kazi au jambo vizuri
mrithi: anayepokea kitu kutoka kwa aliyemtangulia
kunasa sauti: kuhifadhi sauti kwa mashine
tamasha: mkutano mkubwa wa sanaa na michezo
mapatano: maneno yaliyokubaliwa na pande mbili

MASWALI

1. Neno ngoma lina maana gani tatu?
2. Kwa nini ngoma nyingi huchezwa baada ya mavuno?
3. Muziki wa Hukwe Zawose uliendeleaje baada ya kifo chake?
4. Vijana wa Budapest walijifunza kwa nani?
5. Eleza kwa nini ngoma ya muheme inaweza kuendelea bila ukeketaji.

MAJADILIANO

Katika kijiji chetu ni ngoma zipi zilizochezwa zamani na hazichezwi sasa? Ni zipi za kurudisha? Ni desturi ipi ya kuacha?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya somo lijalo, mtembelee mzee mmoja, mwanamke au mwanamume. Muulize juu ya wimbo mmoja anaoujua. Andika katika daftari lako:

Jina la wimbo: ..................
Huimbwa wakati gani: ..................
Nani alimfundisha: ..................
Nani amefundishwa naye: ..................

Ikiwa mstari wa mwisho hauna jina, mwombe mzee huyo akufundishe wewe.