Sauti Inapochelewa na Kukatika: Somo Tulilolipata Magomeni

Kwaya zetu nyingi leo hurekodi katika chumba cha nyumbani chenye kompyuta moja. Tulipokuwa Magomeni tukirekodi sauti ya tatu, mwimbaji alijisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni, akapoteza mapigo. Tulipopunguza kuchelewa huko, sauti ikaanza kukatika na kukwaruza.

Chanzo ni kimoja. Kompyuta hukusanya sauti kidogo kidogo kwenye bafa, kisha huishughulikia kwa mkupuo. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, bafa ya sampuli 1,024 hujaa kwa milisekunde 23 hivi; ya 128 hujaa kwa milisekunde 3. Bafa kubwa huchelewesha. Bafa ndogo huibana kompyuta, nayo isipowahi kumaliza kazi, sauti hukatika.

Tufanye hivi:

1. Tunaporekodi, tuweke bafa ya 128 au 256, na tuzime kwa muda mwangwi na madoido mengine.

2. Ikiendelea kukatika, tuzime intaneti, tufunge programu nyingine na tuchomeke chaja. Kwenye Windows, tutumie draiva ya ASIO ya kadi yetu ya sauti.

3. Tunapochanganya sauti, tupandishe bafa hadi 1,024. Hakuna anayeimba tena, hivyo kuchelewa hakudhuru.

Tubadili kitu kimoja, tusikilize, ndipo tuguse kingine. Mkwaruzo uliokwisha kurekodiwa haufutiki kwa kupandisha bafa baadaye. Sisi ilitubidi kumwomba mwimbaji, aliyekuja kwetu akitoka kazini, arudie wimbo mzima. Tupime kabla hajafika.