Injinia Hujifunza Uongozi Wapi?

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Tuonapo daraja au bwawa, yatupasa kukumbuka kwamba limejengwa na watu wengi: wapimaji, mafundi na vibarua, na mbele yao alikuwapo injinia aliyewaongoza. Hesabu za daraja hufundishwa darasani. Je, kuongoza watu hufundishwa wapi?

Swali lililo karibu na hilo alijiuliza Herman Schneider, mwalimu wa uinjinia huko Marekani. Alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Lehigh, aliona kwamba mambo mengi ya kazi hiyo hayafundishiki vema ndani ya kuta nne. Mwaka 1903 alihamia Chuo Kikuu cha Cincinnati, katika mji uliojaa viwanda vya kutengeneza mashine. Mwaka 1906 baraza la chuo lilimruhusu kujaribu shauri lake kwa mwaka mmoja, ila lilitangulia kusema kwamba likishindwa, baraza halimo katika lawama.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Wanafunzi 27 waligawanywa makundi mawili. Juma hili kundi moja lilikaa darasani na la pili kiwandani. Juma lililofuata wakabadilishana zamu. Hivyo kazi ya kiwanda haikusimama. Kiwanda kiliwalipa ujira, na chuo hakikulazimika kununua kila mashine ya kufundishia. Tena walimu walitembelea viwanda kuona kazi wanayopewa vijana, ili wasije wakageuzwa kuwa vibarua wa bei rahisi.

Katika mpango wa namna hii mwanafunzi hupata mafunzo matatu ya uongozi. Kwanza, hutii kabla ya kuamuru, akajua uzito wa amri kwa yule anayeipokea. Pili, husikiliza watu wasio na shahada lakini wenye ujuzi mikononi. Tatu, huchukua dhima: darasani kosa hukukatia alama, lakini kiwandani kosa laweza kumkata mtu kidole.

Jambo la pili nililijua kwa aibu. Mwaka jana pampu ya maji ya shule ilizunguka bila kutoa maji. Sisi wa chama cha sayansi tulikata shauri kwamba mota imechoka, tukamwomba mwalimu aagize nyingine. Mzee mmoja fundi, aliyeishia darasa la saba, alituambia, "Wanangu, bomba la kuvutia linaingiza hewa." Kiongozi wa chama nilikuwa mimi, nami sikumsikiliza. Siku mbili wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza walichota maji mtoni kwa ndoo. Siku ya tatu mzee alikaza kiungio kimoja, na maji yakatoka. Habari za hewa katika bomba nilikwisha kufundishwa. Nilichokosa ni kumsikiliza aliyeijua pampu.

Mpango wa Cincinnati haukufa baada ya mwaka mmoja. Chuo cha Northeastern mjini Boston kiliufuata mwaka 1909, na Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada kilianza nao mwaka 1957. Siku hizi Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts ina mafunzo maalumu ya uongozi kwa wanafunzi wa uinjinia, na watu wa viwandani huja kuwatazama wanavyoongoza wenzao na kuwasahihisha. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2003, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa uanagenzi kwa wahitimu, chini ya wahandisi wazoefu.

Wazazi wetu, msihuzunike mwana wenu wa chuo kikuu akirudi likizoni na mikono yenye grisi. Nasi wanafunzi tusingoje chuo kikuu. Karakana ya shule i wazi, na mafundi tunao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Maswali
1. Kwa nini Schneider aligawa wanafunzi wake makundi mawili?
2. Chuo, kiwanda na mwanafunzi, kila mmoja hupata faida gani?
3. Taja kazi moja ya shuleni ambayo kiongozi wake hana budi kumsikiliza fundi. Eleza sababu.