Injini ya Dizeli Ilayo Mafuta Mengi

Injini ndogo ya kusagia mahindi au kuvuta maji ikila dizeli kupita desturi yake, faida ya mkulima hupotea kwa moshi. Lakini usikimbilie pampu. Kwanza safisha chujio la hewa na la mafuta; aghalabu kosa limo humo.

Hali isipobadilika, pima wakati wa kuingia mafuta. Zima injini, ipoe. Fungua mrija utokao katika pampu, weka mkono wa mafuta mahali pa kuendeshea, kisha zungusha gurudumu zito polepole, upande linaozungukia siku zote. Mafuta yaanzapo kupanda, simama. Alama ya mafuta iliyo gurudumuni yapasa kukabili alama ya mwili wa injini.

Zikiwa zimekwisha kupitana, mafuta huchelewa: ondoa kipande kimoja cha bati jembamba kilicho chini ya pampu. Zikiwa hazijakutana, mafuta huwahi: ongeza kimoja. Kaza, upime tena.

Usivuke alama kwa kutumaini kuokoa mafuta zaidi. Injini itagonga na vyuma vitaharibika. Wala usikinge mkono mbele ya kinyunyizio: mafuta yake hupenya ngozi, na aliyepatwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo.