Ving'ora vya Moto Visivyo na Nyaya: Somo kwa Wakazi wa Eldas

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, liliteketea na wanafunzi 21 wakafariki. Mjini Eldas, mbali na Wajir mjini, dakika za kwanza za moto ziko mikononi mwa walio ndani ya jengo. Ndiyo maana inafaa tuelewe ving'ora visivyo na nyaya.

Vinavyofanya kazi

Kila kifaa hutumia betri na huwasiliana na vingine kwa mawimbi ya redio. Kimoja kikihisi moto, vyote hulia. Moto ukianza stoo, aliyelala upande wa pili huamshwa. Hakuna haja ya kuchimba kuta, na stima ikipotea vinaendelea kufanya kazi.

Teknolojia hii si ya maghorofa pekee. Vifaa vya Lumkani, vilivyobuniwa Cape Town, vilijaribiwa pia katika mtaa wa Mukuru, Nairobi, kwa ushirikiano na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Vifaa hivyo huhisi joto linalopanda ghafla badala ya moshi, kwa sababu moshi wa jikoni ungevifanya vilie kila siku.

Kuchagua na kutunza

• Bwenini na vyumba vya kulala: weka cha moshi, kwa kuwa hutoa onyo mapema.
• Jikoni na penye vumbi jingi: weka cha joto. Mweleze fundi kama paa ni la mabati, maana jua hulipasha sana.
• Kuta nene na mabati hudhoofisha mawimbi. Jaribu kifaa kimoja na uhakikishe vyote vimelia.
• Bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi, na upanguse vumbi.
• Usitoe betri kwa sababu ya kelele. Kikilia ovyo, kihamishe au ukibadilishe.

King'ora hakifungui mlango

Mwaka 2001, wavulana 67 walifariki katika bweni la Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma.

Walimu wakuu, wazazi na wenye majengo: kabla ya kununua king'ora, kagueni milango usiku huu. Kisha fanyeni zoezi la kutoka nje, ili kila mtoto ajue njia hata gizani. Moto ukizuka, tokeni kwanza, kisha pigeni simu 999 au 112.